Shali ya Nyongeza

Wiki iliyopita, pale ghalani Hayes, London, ninapofanya kazi, boksi lilinisimamisha. Nililipasua kama ninavyopasua mengine yote, likanitemea usoni harufu ya vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo, imechanganyika na harufu kama ya liwa. Ndani hamna cha maana, mapazia tu ya mtu. Lakini mimi nimeganda na kisu mkononi kama jambazi aliyesahau alichokuja kuiba.

Siku tatu kabla, Mama alikuwa amenipigia kuniambia Bibi Hansa amefariki. Nikasema inna lillahi, nikakata simu, nikaenda kula chipsi. Nikajua nimeshamaliza. Kumbe pua ilikuwa haijapewa taarifa.

Sasa nyie wa rika langu, ambao bibi zenu mlikuwa mnawaona kwenye simu tu, Ijumaa kwa Ijumaa, mtandao ukikatika ndiyo kwaheri hiyo, nataka niwaambie mimi nilikuwa na bibi wa kukodi. Kiswahili changu cha kuandika kiliishia darasa la tatu, kwa hiyo mkikuta nimeharibu, mlaumuni aliyenipandisha ndege kabla ya mtihani.

Mama alikuja London kuhudumia wazee majumbani. Mimi nilifuata baadaye, nina miaka tisa, mdomo wangu umetangulia. Shule zikafungwa kiangazi, na Mama hana wa kuniachia. Basi akanibeba kwenda nami kazini, Kingsbury, kwa bibi mmoja wa Kihindi aliyekuwa akiishi na binti wa kaka yake. Huyo binti anaitwa Rekha, kazaliwa hapahapa, Kiswahili hajui hata salamu. Alinitazama kuanzia kandambili mpaka mabutu, akamwambia Mama kwa Kiingereza chake cha ofisini: mtoto anaweza kukaa, lakini akigusa kitu, anaipigia ejensi siku hiyohiyo.

Mama akaniinamia. "Umesikia? Ejensi ndiyo wenye kazi, na kazi ndiyo yenye viza. Ukigusa hata kijiko, sote wawili uwanja wa ndege. Weka mikono mfukoni."

Gauni langu halikuwa na mfuko. Hilo ndilo lilikuwa tatizo la kwanza.

Bibi Hansa alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha, mdogo kama mtoto wa shule, nywele nyeupe, bangili mkono mmoja tu. Nikamwambia shikamoo kwa mazoea, nikijua haelewi.

"Marahaba," akasema. "Wewe wa wapi?"

Nusura nikae chini. "Tanga, Bibi."

"Tanga kubwa. Tanga ya wapi?"

"Ngamiani."

"Barabara ya ngapi?"

"Ya kumi na mbili."

"Ah! Sisi duka letu la vitambaa lilikuwa ya saba. Njoo hapa, jirani."

Tangu siku hiyo tukawa genge. Rekha akiingia, Bibi Hansa ananiambia kwa Kiswahili, mbele yake, "Nyamaza, polisi huyo," na Rekha anatabasamu akidhani anasifiwa.

Nilijua Bibi Hansa ni mwimbaji, maana kila asubuhi aliwasha kijisanduku chake kinachonguruma noti moja bila kupumua, na yeye anaingia humo ndani na sauti yake. Siku ya kwanza nilidhani friji imeharibika. Lakini kwamba ni mwimbaji mkubwa, huyo ambaye India nzima wanamjua, hilo halikuniingia. Mkubwa gani hana hata picha yake ukutani? Medali zake zilikuwa kwenye kopo la biskuti, pamoja na vifungo na uzi, na mimi niliruhusiwa kuzivaa nikimenya njegere. Wageni walikuja, watu wazima na suti zao, wanainama mpaka chini miguuni kwake. Nilimwuliza Mama kwa nini watu wa Kingsbury wanadondosha vitu ovyo namna hii.

Alinisimulia maisha yake vipandevipande, wakati Mama anamchana nywele. Alipofika miaka kumi na moja baba yake alimtoa dukani Tanga, akampandisha meli, akampeleka India kwa mwalimu wa kuimba. Mwalimu akampa noti moja. Aamke alfajiri, aimbe hiyohiyo.

"Noti moja?"

"Moja."

"Mpaka lini?"

"Mwaka. Na miezi miwili."

"Mimi ningetoroka, Bibi, wallahi."

"Nilitoroka. Mara mbili."

"Wakakukamata?"

"Nilirudi mwenyewe. Niliikosa ile noti."

Akakaa kwa huyo mwalimu miaka minane. Na katika miaka minane, alisema, hakumsifu hata siku moja. Mimi shuleni kwangu London nilikuwa napewa stika ya nyota kwa kufunga kamba za viatu. Nikamwonea huruma.

Lakini kilichonitia wasiwasi zaidi ni sikio. Kila alipolitaja jina la huyo mwalimu, jina refu ambalo mimi sijawahi kuliweza, mkono wake ulipanda juu na kushika ncha ya sikio. Haraka, kama mtu anayehakikisha bado lipo. Jina, sikio. Jina, sikio. Nikamwambia Mama, Mama akaandika kwenye daftari la kazi kwamba mteja anashika sikio mara kwa mara, akaja nesi na tochi yake. Akachungulia kulia, akachungulia kushoto, akasema bibi huyu ana masikio mazuri kuliko yake yeye.

Basi kama si ugonjwa, mimi nikajua ni nini. Nilikuwa nimesoma Tanga. Nilikuwa na mwalimu wa hesabu ambaye ukikosea saba mara nane anakushika sikio, analizungusha kama anafungua redio. Yule mwalimu wa India kamzungusha Bibi Hansa sikio miaka minane, na maskini ya Mungu, kazeeka, kavuka bahari, bado akimtaja tu sikio linakumbuka. Nikamchukia yule mzee kwa moyo wangu wote. Na alikuwa ameshakufa zamani, kwa hiyo chuki yenyewe sikuwa na pa kuipeleka.

Halafu kulikuwa na kabati.

Lile kabati ndilo lenye harufu. Ukilifungua, vidonge na liwa vinakupiga kofi, na ndani ni shali, zimekunjwa, zimepangwa mpaka juu: za hariri, za sufu, nyekundu, za dhahabu, za rangi ya embe, na kila moja imebanwa kikaratasi kwa pini. Mimi bibi yangu mzaa Mama alikuwa anauza mitumba Tanga. Nimelala juu ya marobota tangu sijaota meno. Mzigo nikiuona naujua.

"Bibi, hizi zote umenunua?"

"Sijanunua hata moja. Nimepewa."

Nikaitikia kwa kichwa kama mtu mzima. Hata mitumba ni hivyohivyo, Bibi yangu alishanieleza: ni nguo za kupewa, wenyewe hawazitaki. Swali langu likawa moja tu, mbona hauzi? Mzigo umekaa mpaka umewekewa dawa.

Chini kabisa, peke yake kwenye mfuko wa mto, kulikuwa na shali moja ya kijivu. Nyembamba, imechakaa, ina tundu la moto ukubwa wa kitufe. Grade ya mwisho kabisa, ile ambayo Bibi yangu angeitumia kufungia nyanya. "Hiyo ya Mwalimu," akasema Bibi Hansa, akataja jina, mkono ukapanda sikioni.

Nikaiweka shali ile kwenye orodha yangu ya maadui.

Ijumaa moja Bibi Hansa akaniambia, "Keshokutwa nina shughuli ukumbini. Wanakuja wakubwa wa ubalozi. Wataimba, wataongea sana, halafu watanipa shali nyingine."

"Nyingine?"

"Nyingine." Akaguna. "Nitaiweka wapi, sijui."

Nyie, mimi sikulala. Mzigo wa zamani haujatoka, wanaleta mpya!

Jumamosi asubuhi Rekha akaenda kuandaa ukumbi, akasema anarudi saa kumi. Mama akamwingiza Bibi Hansa kuoga, na kumwogesha Bibi Hansa ilikuwa kazi ya saa nzima, maana anaimba humo ndani na hataki kukatishwa. Nikazitoa zile shali. Mbele ya nyumba kulikuwa na ukuta mfupi wa matofali, nikazitandika pale moja moja, nyekundu mwanzo, maana Bibi yangu alisema rangi ya moto ndiyo inayomsimamisha mtu. Nikapanda juu ya pipa la taka, nikaita kama nilivyofundishwa.

"Chagua! Vaa! Ondoka! Mali mpya hiyooo! Chagua!"

Watu wa mtaa ule wana heshima sana. Walipita wakitazama viatu vyao. Mpaka akaja baba mmoja mrefu mweusi, kofia ya sufu kiangazi chote, na mbwa mzee anayechechemea. Akasimama. Akaishika ile ya rangi ya damu ya mzee yenye nyuzi za dhahabu, akasema mama yake angeipenda. Akanipa pakiti ya krispi aliyokuwa nayo mkononi na chokoleti nzima. Kwangu hiyo ilikuwa biashara kubwa. Na mteja mzuri hakosi nyongeza, ndiyo desturi, unamtilia kitu juu ili arudi kesho.

Nikaiangalia ile ya kijivu. Nikasema leo ndiyo leo, mzee, unahama. Nikamkabidhi.

"Hii nayo?"

"Nyongeza," nikamwambia. Hakuelewa, lakini akacheka, akasema itamfaa mbwa.

Nilikuwa nala krispi ya tatu Mama alipotoka. Sikumwona. Nilimsikia kwenye sikio langu la kushoto, ambalo lilikuwa tayari kwenye vidole vyake.

"Wewe mtoto una wazimu? Una wazimu wewe? Rudisha! Rudisha zote!"

Tukazirudisha, Mama analia na kukunja, kukunja na kulia, anahesabu pini. Bibi Hansa kwenye kiti chake, nywele bado zinachuruzika, anatazama tu. Hakugomba. Mama alipomaliza, Bibi Hansa akauliza kwa sauti ndogo, "Na ya Mwalimu?" Mkono ukapanda.

Nikasimama wima. Nilikuwa na uhakika nimefanya wema. "Nimekuondolea, Bibi. Nimempa baba mmoja wa mbwa. Hatakuvuta tena masikio yule."

Bibi Hansa akaushusha mkono.

"Nani alinivuta masikio?"

"Mwalimu wako. Si kila ukimtaja unashika sikio? Hata mimi nilikuwa naye wa hivyo."

Bibi Hansa akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na maji. "Mwanangu, hakunigusa hata ukucha. Hii ni adabu yetu sisi waimbaji. Jina la mwalimu ni kubwa kuliko mdomo wa mwanafunzi. Ukilitaja unashika sikio, unamwomba radhi." Akapumua. "Miaka minane hakunisifu. Siku ya mwisho nikaimba mbele yake, yeye amekaa na jiko lake la makaa, baridi ya alfajiri. Nilipomaliza hakusema neno. Aliitoa shali yake mwenyewe begani, ile aliyokuwa anajifunika, ina tundu la cheche, akanivika. Akabaki anatetemeka. Hizo nyingine zote kabatini wamenipa watu waliosikia kwamba naimba. Ile nilipewa na aliyenisikia."

Pakiti ya krispi ilikuwa bado mkononi, nikaiweka chini.

"Bila hiyo kesho siimbi," akasema. "Sijawahi."

Mama akashika kichwa. "Ataniuliza Rekha kwa nini. Nitamwambia nini? Bibi, ni kazi yangu. Ni viza. Huyu mtoto ndiyo kwanza kazoea shule."

"Wewe," Bibi Hansa akanigeukia. "Baba wa mbwa ulimpa na nyongeza?"

"Nilimpa hiyo hiyo."

Uso wake ukabadilika, akawa mtoto wa dukani, barabara ya saba. "Basi anarudi. Mteja aliyepata nyongeza, ukiita tena anarudi. Baba yangu aliuza vitambaa miaka thelathini kwa hesabu hiyo. Mama, sukuma kiti. Na wewe utaita."

Tukaingia Kingsbury Road, Mama anasukuma, Bibi Hansa na nywele zake mbichi, mimi mbele. Nikaita. Bibi Hansa akanigonga mgongoni.

"Hizo kelele. Kelele zinafika mlangoni tu, zinarudi. Toa huku." Akanitia kidole tumboni. "Na hiyo 'chagua', ishike mwishoni. Usiiachie idondoke. Ibebe kama yai."

"Chaguaaa!"

"Inadondoka."

"Chaguaaaaa!"

"Hapo. Hapo! Umeisikia?"

Nilikuwa nimeisikia. Sijui niwaelezeje. Ilitoka kwangu halafu ikawa si yangu tena, ikaenda zake barabarani, ikapita juu ya mabasi. Kwenye duka la mboga mama mmoja wa Kigujarati, mzee, bamia mkononi, akatoa kichwa akapiga kelele kwa Kiswahili safi, "Mitumba hiyo? Grade gani? Wallah, mara ya mwisho kusikia hivyo nilikuwa Mombasa!" Mwenzake wa ng'ambo ya barabara akajibu, "Usimnunulie, huyo mwizi, namwona usoni!" Wakacheka wakishika viuno. Barabara nzima ya mabibi ilikuwa inajua Kiswahili, ilikuwa imetulia tu inangoja mtu aite.

Tulikwenda mpaka sauti ikaanza kunikwaruza. Ilikuwa imeshagonga saa tisa na nusu. Mama alikuwa haongei, midomo inatembea tu, anasoma dua. Nikaita ya mwisho, nikaibeba kama yai. Dirisha likafunguka juu ya kinyozi, ikatokea kofia ya sufu.

"Umefungua tena?" akasema yule baba kwa Kiingereza. "Ngoja hapohapo! Dada yangu naye anataka."

Akashuka. Mama akamweleza mambo yote kwa pumzi moja. Akakimbia juu, akarudi na ile ya damu ya mzee mkono mmoja, na ya kijivu mkono mwingine, na mbwa nyuma yake ameing'ang'ania kwa meno.

Bibi Hansa akapokea ya kijivu tu. Hiyo nyingine akairudisha. "Mwambie ampe mama yake, na kesho waje ukumbini. Nilipewa na waziri. Mawaziri wako wengi." Kisha akavua sweta lake, jipya, Rekha alimnunulia, akamvika mbwa. Shali ya Mwalimu ilikuwa na manyoya na mate. Akaipeleka puani, akavuta, akaanza kucheka. "Alikuwa anaogopa mbwa huyu mtu," akasema, akataja jina, akashika sikio, bado anacheka.

Rekha alirudi saa kumi kamili, akatukuta watatu sebuleni tunakunywa chai kama malaika. Akauliza sweta liko wapi. Bibi Hansa akamjibu kwa Kiswahili, "Limeolewa." Rekha akatabasamu.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Bwana wa ubalozi alisoma karatasi ndefu ya sifa: ameimba wapi, kafundisha nani, nishani hii, nishani ile. Mimi nilisinzia kwenye nishani ya nne. Nilipoamka nikamwona bibi kizee wa Kijamaika amekaa safu ya mbele kabisa, shali ya damu ya mzee na nyuzi za dhahabu mabegani, na Rekha anamwinamia viganja vimekutana, anamwuliza kama amestarehe. Aliiona shali, akajua huyu lazima ni mtu mkubwa. Nyuma ya bibi yule alikaa mwanawe na kofia yake. Akanikonyeza. Mama alinifinya kabla hata sijafungua mdomo.

Wakamvika Bibi Hansa shali mpya, inang'aa mpaka macho yanauma. Ya kijivu ilikuwa chini yake, mahali penye joto. Akaanza kuimba.

Ile sauti ilikuwa imezeeka, nisiwadanganye. Ilikuwa na nyufa. Lakini alishika noti moja, ile ya mwaka na miezi miwili, akaibeba pale mbele ya watu, na hakuna aliyekohoa, hakuna kiti kilicholia. Ikatukuta kila mtu alipokaa, na wakubwa wa ubalozi, na Mama aliyekuwa bado ana viza, na mimi niliyeigawa shali ya Mwalimu wake. Nikaangalia midomo yake: haikuwa inafanya kazi yoyote. Sauti ilikuwa inatoka tumboni.

Juzi Mama alinipigia tena, akaniambia kwamba Bibi Hansa wamemchoma kwa desturi yao, na kwamba mzigo wote wa kabati Rekha ameupeleka kwa watu wa makumbusho. Ya kijivu tu ndiyo aliyoondoka nayo, begani.

Basi ndiyo hivyo pale ghalani, mimi na kisu na boksi la mapazia. Supavaiza wetu, Mutiso, Mkenya mmoja mpole, akaja kuona kwa nini laini ya maboksi imesimama.

"Ni nini mbaya? Umejikata?"

"Hapana. Nimemkumbuka bibi mmoja. Alinifundisha kuita."

"Kuita nini?"

"Kuita tu. Anaitwa Bibi Hansa."

Mutiso akanitazama kichwani.

"Na hilo sikio linakuuma ama?"

Ndipo nikauona mkono wangu ulipo.

"Haliumi," nikamwambia. Nikauacha hapohapo kidogo, kisha nikarudi kwenye maboksi.